Barua ya wazi kwa wanaosimamia hewa ya miji mikubwa: moshi wa baridi unatoka wapi?

Kwa: Mawaziri wa mazingira, mameya, na wakurugenzi wa mamlaka zote ambazo hewa ya miji mikubwa iko chini yao

YAH: KUTAFUTA CHANZO CHA MOSHI WA MAJIRA YA BARIDI KWA KUPIMA, SIO KWA KUKISIA

Waheshimiwa,

Shikamooni kwa mlionizidi umri, na wengine poleni na majukumu. Naandika hadharani kwasababu njia ya chini chini imeshindikana. Barua tumeandika, fomu za malalamiko tumejaza, simu tumepiga, na majibu ni yale yale ya "tumepokea, tunalifanyia kazi", alafu baridi inaisha, upepo unarudi, anga linakuwa safi, kila mtu anasahau, mpaka mwaka unaofuata linapogeuka kijivu tena na sote tunaanza moja. Sasa naona bora tuongee mbele za watu.

Sijaja kumtukana mtu. Wala sisemi hamfanyi kitu, mbona tunaona, leo mnazuia magari, kesho mnafunga shule, keshokutwa mnamwaga maji barabarani. Shida yangu ni moja tu: mnajuaje kwamba hicho mnachokizuia ndicho kinachotuua? Kupima kwamba hewa ni chafu ni kazi moja, kupima uchafu huo umetoka wapi ni kazi nyingine kabisa, na hii ya pili wengi wenu hamjaifanya, au mmeifanya mkaifungia kabatini. Ni sawa na daktari anayempa kila mwenye homa dawa ya malaria bila kutoa damu. Kuna watakaopona, sikatai, ila mwenye homa ya matumbo atazidiwa huku dawa anayo mkononi.

Hoja zangu naziweka kwa namba, ili na nyinyi mkijibu mjibu kwa namba.

1. Namba mnayotuonyesha haisemi chanzo

Ile namba inayowekwa kila asubuhi, PM2.5, ni uzito wa chembechembe zenye upana wa mikromita 2.5 kushuka chini. Unywele wa mtu una kama mikromita 50 mpaka 70, kwahiyo hizi huzioni, zinapita puani zinafika chini kabisa ya mapafu na nyingine zinaingia kwenye damu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishusha kiwango chake, wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo na wa saa 24 usizidi 15 (mwanzoni, tangu 2005, ilikuwa 10 na 25). Na mwaka 2013 taasisi yake ya utafiti wa saratani ilishaiweka hewa chafu ya nje kwenye kundi la kwanza, kundi la vitu ambavyo vimethibitika kuleta saratani. Haya mnayajua, mnayasoma kwenye hotuba zenu wenyewe.

Lakini uzito ni uzito tu. Mikrogramu 200 za moshi wa kuni na mikrogramu 200 za vumbi la barabarani, mashine inaandika 200 zote mbili. Vile vifaa vidogo vya bei rahisi ndio kabisa, vinamulika leza na kukisia chembe kwa jinsi zinavyotawanya mwanga, kukiwa na ukungu chembe zinafyonza maji zinavimba na namba inaruka juu. Sivisemi vibaya, vinamsaidia mzazi kuamua leo mtoto acheze nje au abaki ndani. Ila kusimama mbele ya kamera na namba ya namna hiyo ukatangaza "magari ndiyo chanzo", hapo waheshimiwa mnatupiga changa la macho.

2. Wastani wa mwaka unaificha baridi

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, mnivumilie nilieleze taratibu.

Usiku wa baridi ardhi inapoa haraka, hewa iliyolala juu yake inapoa nayo, na juu zaidi inabaki hewa yenye joto kidogo. Hewa baridi ni nzito, haipandi, kwahiyo kila tunachokichoma kinabaki hapa hapa chini tunapovutia pumzi. Majira ya joto hewa ya mchana inachanganyika mpaka kilomita moja, mbili kwenda juu, wakati wa baridi inaweza ikaishia mita mia chache, na siku mbaya chini ya hapo. Kwahiyo moshi ule ule, kiasi kile kile, unaweza ukawa mzito mara kadhaa bila mtu kuwasha hata gari moja la ziada. Hapo ndipo wasemaji wenu wanaporukia, "ni hali ya hewa tu". Hapana jamani. Hali ya hewa inabana moshi, haiutengenezi. Kuna mtu ameuwasha.

Na sio kwamba moshi unabanwa tu, hata wenyewe unabadilika. Majiko ya kuni na makaa ya mawe yanawashwa, boila za majengo, ile mitambo ya kuchemsha maji ya kupasha joto, zinaamka, magari yanawashwa injini zikiwa za baridi, na kile kichujio cha kemikali kwenye ekzosi kinahitaji joto la nyuzi 250 hivi kwenda juu ndio kianze kufanya kazi yake, maana yake dakika za mwanzo za kila safari gari linatema karibu kila kitu. Kwa watu wa safari fupi fupi za asubuhi ni kama hawana kichujio kabisa.

Sasa chukueni ripoti zenu. Nyingi zinajumlisha tani za mwaka mzima alafu zinagawa asilimia, viwanda kadhaa, magari kadhaa, majumbani kidogo. Jiko la nyumbani linaonekana dogo kwasababu linawaka miezi michache. Lakini linawaka miezi ile ile na saa zile zile ambazo hewa imejibana, na bomba lake liko juu ya paa la nyumba ya chini, halina mnara wa mita 150 wa kupeleka moshi juu ya ile hewa nzito. Tani moja ya moshi wa dohani fupi usiku wa Januari (ndio baridi kwa miji ya kaskazini ya dunia) na tani moja ya mnara mrefu mchana wa Julai kwenye jedwali lenu ni tani moja, kwenye kifua cha mtu hazifanani hata kidogo. Ukitaka kujua kinachomuumiza mtu wakati wa baridi, pima wakati wa baridi, kwenye pua yake.

3. Kila mwaka mchawi ni mmoja

Kila jiji lina mchawi wake linayempenda. Kwingine ni mwenye gari la zamani, kwingine ni mkulima, kwingine ni maskini anayeota moto. Akishatajwa, uchunguzi umeisha.

Angalieni Beijing mwanzoni mwa 2020. Watu wamefungiwa ndani kwasababu ya korona, barabara tupu, kama magari ndiyo yangekuwa kila kitu basi anga lingekuwa linang'aa. Badala yake jiji lilifunikwa na moshi mzito kabisa. Upepo ulikuwa umelala, unyevu uko juu, mitambo mikubwa na vyanzo vya kupasha joto majumbani vinaendelea, na kemia ya angani ikafanya iliyobaki. Hilo halimaanishi magari hayana kosa. Linamaanisha huwezi kumkamata mshukiwa mmoja ukafunga jalada.

Au Delhi. Kila Oktoba na Novemba lawama zinakwenda kwa wakulima wa Punjab na Haryana, majimbo ya jirani, wanaochoma mabua ya mpunga, na kweli moshi ule unafika mjini, setilaiti zinaona ile mioto. Ila ikifika Desemba na Januari mabua yameshaisha kuungua na hewa bado haivutiki. Nani anachoma Januari? Swali hilo halina kelele kwenye televisheni maana majibu yake yako ndani ya jiji: takataka, kuni, magari, viwanda, na zile chembe zinazozaliwa angani ambazo nitazifikia. Wakati huo huo mwaka 2021 wakasimamisha katikati ya mji mnara mrefu wa kuchuja hewa, mita zaidi ya 20, feni kubwa, picha nzuri. Mnara wa hivyo unasafisha pale uliposimama, basi.

Miji iliyofanikiwa haikufanikiwa kwa kuigana. Kraków, Poland, tatizo lao kubwa lilikuwa majiko ya majumbani, wakalipia watu kubadilisha majiko kwa miaka kadhaa, alafu kuanzia tarehe 1 Septemba 2019 wakapiga marufuku kuchoma makaa ya mawe na kuni mjini. Dublin, Ireland, mwaka 1990 walizuia kuuzwa kwa makaa ya mawe yenye moshi na moshi mweusi ukashuka kwa asilimia kama 70. Ulaanbaatar, mji mkuu wa Mongolia, ambako baridi inashuka mpaka nyuzi 30 chini ya sifuri na mahema ya pembezoni yanapashwa kwa makaa ya mawe, mwaka 2019 walizuia makaa ghafi. Sasa jiji ambalo tatizo lake ni dizeli au amonia (gesi ya mbolea na mifugo) likinakili dawa ya Kraków litapoteza miaka kumi na kuwatesa wazee bure.

4. Uchafu usiotoka kwenye bomba lolote

Nifupishe hapa. Sehemu kubwa ya chembe za baridi haitoki ikiwa chembe. Inatoka ikiwa gesi, salfa kutoka kwenye makaa ya mawe, oksidi za naitrojeni kutoka kwenye injini na mitambo, zinakutana na amonia ya mbolea na mifugo, zinageuka chumvi ndogo ndogo huko huko angani. Ile chumvi ya naitreti, yaani inayotokana na oksidi za naitrojeni, inapenda baridi, kukiwa na joto inarudi kuwa gesi. Kwahiyo unaweza ukamkagua kila dereva ukakuta ekzosi haina moshi wa kuonekana na bado gari zao zinachangia, na mfugaji aliyeko kilomita mia kadhaa naye anachangia bila kujua. Ripoti yoyote inayotaja "vyanzo" bila kuzigusa hizi, ijazieni kurasa zilizokosekana kabla hamjaitia saini.

5. Makaratasi yenu yanaamini sana makaratasi

Orodha za moshi zinatengenezwa kwa hesabu: magari mangapi yamesajiliwa, mafuta kiasi gani yameuzwa, viwanda vingapi vina leseni, zidisha. Ni kazi ya maana, siidharau. Ila ambacho hakijasajiliwa hakipo. Anayechoma takataka nyuma ya soko usiku hayumo. Jenereta za maduka hazimo. Tanuri la matofali lisilo na leseni halimo, na kiwanda kinachozima vichujio baada ya saa nne usiku kimo, lakini kimo kwa namba za mchana.

Na hata kilichosajiliwa kinaweza kudanganya. Mwaka 2015 ilibainika kwamba Volkswagen iliweka programu kwenye magari ya dizeli yapatayo milioni 11 duniani, inayotambua gari likiwa kwenye mtihani na kulifanya liwe safi kwa muda ule, likirudi barabarani linatema oksidi za naitrojeni mara nyingi zaidi ya kiwango. Miaka yote ile miji ilikuwa inapiga hesabu zake kwa namba za mtihani. Hewa yenyewe ilikuwa inasema kitu kingine na waliokuwa wanaipima hewa ndio waliokuwa wanashangaa kwanini naitrojeni dioksidi haishuki.

6. Njia za kujua zipo, na sio mpya

Msituambie jambo hili ni gumu kuliko uwezo wa binadamu. Unaweka filta kwenye pampu, inavuta hewa kwa saa 24, unaipeleka maabara. Filta za tefloni kwa ajili ya uzito na metali, za kwazi kwa ajili ya kaboni. Alafu unasoma alama, maana kila moto unaacha alama yake. Kuni zikiungua, selulosi inatoa levoglukosani, kitu ambacho petroli haiwezi kukitoa. Makaa ya mawe yanaacha aseniki na seleniamu. Breki zinaacha shaba, antimoni na bariamu, tairi zinaacha zinki. Vumbi la ardhini ni silika, alumini na kalsiamu. Plastiki na takataka zikichomwa klorini inapanda. Ile chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu nayo inaonekana, tena inawachanganya watu kwenye hiyo klorini, ndio maana hakuna alama moja inayotosha peke yake. Hata levoglukosani, makaa ya mawe ya kahawia yanaitoa kidogo. Lazima uzisome nyingi kwa pamoja.

Na hapo ndipo hesabu inapoingia. Mwaka 1994 Pentti Paatero na Unto Tapper wa Chuo Kikuu cha Helsinki walichapisha njia ambayo mpaka leo ndiyo inatumika sana. Unachukua filta mia kadhaa, kila moja na orodha ya vilivyomo, kompyuta inatafuta vitu vinavyopanda na kushuka pamoja. Vinavyotembea pamoja siku zote kuna uwezekano mkubwa vimetoka sehemu moja. Shirika la mazingira la Marekani linatoa programu ya kufanya hesabu hiyo bure, unapakua tu. Ila kompyuta inakupa kundi, haikupi jina. Jina anatoa mtu anayelijua jiji, anayejua kwamba Alhamisi usiku kuna tanuri linawashwa upande wa mashariki. Kwahiyo mkiajiri mtaalamu wa mbali akae wiki moja akaandike ripoti, mtapata majina ya kukisia yaliyofungwa kwenye jalada zuri. Vivyo hivyo ile njia nyingine inayolinganisha filta na alama za vyanzo vinavyojulikana, ukitumia alama za majiko ya nchi nyingine, kuni nyingine, jibu litatoka tu, ila halitakuwa la kwenu.

Kuna na kaboni-14, aina ya kaboni inayooza polepole. Mti ulioishi juzi unayo, makaa ya mawe na petroli hayana, imeshaoza yote maana nusu yake inapotea kila miaka 5,730 na mafuta yamekaa ardhini mamilioni ya miaka. Pima masizi, utajua kiasi gani ni kuni na majani na kiasi gani ni mafuta ya ardhini, na hapo hakuna mwanasiasa wa kubishana. Kuna mashine nyingine inayopima masizi kwa mwanga wa rangi tofauti, ya kuni yanafyonza mwanga wa urujuani kuliko ya dizeli, inakupa jibu kila dakika chache.

Na hata kabla ya maabara kuna saa na upepo, vitu ambavyo data yake mnayo tayari. Namba ikiruka saa mbili asubuhi na wikiendi ikatulia, angalieni barabara. Ikianza kupanda saa mbili usiku mpaka usiku wa manane, na Jumapili ni hivyo hivyo, hayo sio magari ya ofisini. Ni kweli usiku hewa yenyewe inajibana, kwahiyo linganisheni na gesi nyingine zilizopimwa saa hiyo hiyo, kama oksidi za naitrojeni hazikupanda na chembe zimepanda mara tatu, kuna moto unawaka mahali. Alafu chukueni mwelekeo wa upepo muone namba kubwa zinakuja kutoka upande gani. Hii kazi mwanafunzi wa chuo anaifanya kwa laptopu. Mbona hamuifanyi?

Sasa najua mtasema nini, maana majibu yenu tumeshayazoea.

Mtasema hela hakuna. Sawa, filta na maabara vina gharama. Ila kufunga jiji siku mbili kuna gharama zaidi, na kuzuia nusu ya magari kwa wiki nzima bila kujua kama yanachangia robo au nusu hiyo ndio kutupa hela. Na vile vitanda vya hospitali kila Januari analipa nani? WHO inakadiria hewa chafu ya nje ilisababisha vifo milioni 4.2 vya mapema duniani mwaka 2019.

Mtasema uchafu unatoka kwa majirani. Inawezekana, hewa haina mipaka. Basi semeni kiasi gani. Beijing mwaka 2014 walichapisha mgawanyo wao, wakasema kati ya asilimia 28 na 36 ya PM2.5 yao ilitoka nje ya jiji, kwa maana hiyo zaidi ya nusu ilikuwa ya kwao wenyewe, wakaanza na ya kwao huku wakibanana na mikoa ya jirani. Wastani wao wa mwaka ulikuwa 89.5 mwaka 2013, mwaka 2021 ulikuwa 33. Bado ni mkubwa ukilinganisha na kile kiwango cha WHO, siwapambi. Ila mtu aliyepima ndiye anayeweza hata kugombana vizuri na jirani.

Mtasema mkitoa data mtazua taharuki. Hili ndilo linanikera. London, Desemba 1952, moshi wa makaa ya mawe ulikaa juu ya jiji kuanzia tarehe 5 mpaka 9. Makadirio ya kwanza yalikuwa vifo 4,000. Vifo vilipoendelea kuwa vingi wiki zilizofuata, serikali ikasema ni mafua. Wachunguzi wa baadaye walirudia zile hesabu wakafika mpaka vifo 12,000. Sheria ya hewa safi ikaja 1956. Waliotulizwa wakati ule walitulizwa kwa faida ya nani? Wahenga walishasema mficha uchi hazai, na nyinyi mnaficha jedwali la Excel.

Na mtasema tusubiri utafiti ukamilike. Hapa nataka tuelewane vizuri kabisa, isije barua yangu ikageuzwa kisingizio. Kuna vitu havihitaji filta: kuchoma plastiki na takataka wazi, makaa ya mawe machafu majumbani, lori la dizeli linalotoa wingu jeusi. Hivyo vishughulikieni leo. Kupima kunakuja kuwaambia kipi kinafuata, kiasi gani, na kama mlichofanya mwaka jana kimeleta tofauti au ni upepo tu ulisaidia. Maana na hilo huwa mnalifanya, mwaka wenye upepo mnapongezana, mwaka usio na upepo mnalaumu mbingu.

Tunachoomba sasa, na tunaomba kabla baridi ijayo haijaanza:

Kwanza, vituo vya kukusanya filta angalau sehemu tatu za jiji zisizofanana, moja barabarani, moja mtaa wa makazi wanakopasha nyumba kwa moto, moja nje ya mji upande upepo unakotokea, na vifanye kazi majira yote ya baridi. Msije mkaweka kwa wiki mbili za kupiga picha. Vyote vitatu vifanye kazi siku moja, vinginevyo huwezi kutofautisha cha mjini na kilichoingia kutoka nje.

Pili, mgawanyo wa vyanzo wa baridi utolewe peke yake, usichanganywe na wa mwaka, na siku mbaya zaidi zitolewe peke yake pia. Kila asilimia iandikwe na kiasi inachoweza kukosea. Mtaalamu anayesema magari ni asilimia 31 kamili bila kusema inaweza kuwa chini au juu ya hapo, mrudishieni ripoti yake.

Tatu, data ghafi iwekwe wazi, kila filta na kila saa, chuo chochote kiweze kurudia hesabu. Tusiletewe PDF ya picha ambayo hata kunakili namba haiwezekani.

Nne, alama za moshi wa majiko, boila, matanuri na takataka za jiji lenyewe zipimwe, zisiazimwe.

Tano, kila amri ya dharura itoke na maelezo ya mstari mmoja: tunazuia hiki kwasababu wakati wa baridi kinachangia kiasi hiki, na tunategemea kushusha kiasi hiki. Alafu baada ya dharura mtuambie ilishuka au haikushuka.

Na la sita sio la maabara. Ikitokea jibu likawa ni kuni na makaa ya majumbani, msianze na faini. Mtu anayechoma mbao za fanicha kuukuu ili watoto wasigande usiku sio mhalifu, hana namna. Kraków waliwabadilishia watu majiko kwanza kisha ndio wakazuia, kwa mpangilio huo. Ikitokea jibu ni kiwanda cha mtu mkubwa, tunategemea mtakuwa na haraka ile ile mnayokuwa nayo kwa mwenye pikipiki.

Majibu tunaomba yawe ya hadharani kama ilivyo barua hii, kwa namba, hoja kwa hoja. Pale ambapo hamjapima andikeni tu "hatujapima", hatutawacheka, ila pembeni yake muandike na tarehe ya kuweka filta ya kwanza.

Wasalaam,

Mkazi na mlipa kodi